Sifa za Kufundisha Kiswahili kwa Wageni Nje ya Nchi: Mwongozo kwa Wahitimu wa Mkoa wa Simiyu

Wahitimu wa ualimu na wa taaluma za lugha waliopo Bariadi na wilaya nyingine za Mkoa wa Simiyu wanaweza kuomba nafasi za kufundisha Kiswahili nje ya nchi endapo watatimiza masharti ya elimu, mafunzo maalumu, nyaraka na taratibu za ajira. Kuzungumza Kiswahili kwa ufasaha ni mwanzo mzuri, lakini hakuchukui nafasi ya sharti lolote kati ya hayo. Mhitimu anayeanza maandalizi kabla nafasi haijatangazwa huwa na muda wa kurekebisha kasoro za nyaraka zake. Anayesubiri tangazo mara nyingi hukuta muda umemwishia akiwa bado anafuatilia cheti cha kuzaliwa.

Makala haya yanaeleza chimbuko la mahitaji ya walimu wa Kiswahili, sifa zinazotakiwa, taasisi zinazohusika, nyaraka ambazo mwombaji anaweza kuanza kuzishughulikia akiwa mkoani, na tahadhari za kuchukua dhidi ya mawakala wasio halali.

Chimbuko la mahitaji

Hadhi ya Kiswahili katika jumuiya za kikanda na kimataifa imepanda kwa kasi katika miaka ya karibuni. Agosti 2019, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ilikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam. Novemba 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) lilitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Februari 2022, Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi.

Nchi mojamoja nazo zimechukua hatua. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kwamba Kiswahili kingekuwa somo la hiari katika shule zake. Nchini Uganda, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Julai 2022 kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari.

Nje ya Afrika, lugha hii imefundishwa kwa muda mrefu katika vyuo vikuu. Miongoni mwa vyuo hivyo ni Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni nchini Korea Kusini, Chuo Kikuu cha Osaka nchini Japani, Chuo Kikuu cha Beijing cha Lugha za Kigeni nchini China, Chuo Kikuu cha Leipzig nchini Ujerumani na SOAS jijini London. Vyuo vikuu kadhaa vya Marekani pia hufundisha Kiswahili.

Hata hivyo, mwombaji anapaswa kutofautisha uamuzi wa nchi kukikubali Kiswahili na tangazo la nafasi ya kazi. Baada ya uamuzi wa namna hiyo, nchi husika huhitaji kuandaa mtaala, kutenga bajeti na kuamua iwapo itawafunza walimu wake yenyewe au itaajiri kutoka nje. Nafasi zinazowafikia Watanzania ni chache kuliko idadi ya wahitimu, na ndiyo sababu sifa za mwombaji hupimwa kwa makini.

Fursa ya Mtanzania ikilinganishwa na ufundishaji wa Kiingereza

Wapo wahitimu wa ualimu wanaotamani kufundisha Kiingereza nje ya nchi, kwa kuwa soko la lugha hiyo ni kubwa na taratibu zake zinajulikana. Waajiri wengi wa Kiingereza hutaka shahada ya kwanza pamoja na cheti cha kufundisha wageni. Mojawapo ya vyeti vinavyotambulika zaidi ni CELTA cha Cambridge, ambacho mafunzo yake huchukua angalau saa 120, zikiwamo saa 6 za kufundisha darasa halisi huku mkufunzi akimtathmini mwalimu.

Mtanzania mwenye shahada na cheti cha aina hiyo bado anaweza kukwama kwa sababu ya uraia wake. Nchini Korea Kusini, kwa mfano, viza ya E-2 kwa walimu wa Kiingereza kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi 7, ambazo ni Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Tanzania haimo katika orodha hiyo.

Kwa Kiswahili hali ni tofauti. Pasipoti ya Tanzania humweka mwalimu katika kundi ambalo mwajiri analitarajia. Pamoja na faida hiyo kuna changamoto moja, kwamba Kiswahili bado hakina cheti kimoja cha kufundisha wageni kinachotambuliwa na waajiri kote duniani kama ilivyo kwa Kiingereza. Kwa sababu hiyo, mwajiri humpima mwombaji kwa shahada yake, mafunzo aliyoyapata katika taasisi zinazotambulika na ushahidi wa kuwa amewahi kufundisha wageni.

Sifa za elimu

Kiwango cha elimu kinachotakiwa hutegemea mahali pa kazi. Kwa shule za msingi na sekondari katika nchi za Afrika, mwombaji kwa kawaida hutakiwa kuwa mwalimu kitaaluma, yaani mwenye stashahada au shahada ya ualimu ambayo Kiswahili ni mojawapo ya masomo yake ya kufundishia. Aliyesomea Kiswahili au isimu bila ualimu anaweza kutakiwa kuongeza stashahada ya uzamili katika elimu.

Kwa vyuo vikuu, nafasi ya uhadhiri kwa kawaida huhitaji shahada ya uzamili au ya uzamivu katika Kiswahili, isimu, fasihi au nyanja inayokaribiana nazo, pamoja na machapisho ya kitaaluma. Mwenye shahada ya kwanza anaweza kufikiriwa kwa nafasi ya msaidizi wa kufundisha lugha, ambayo mara nyingi ni ya muda maalumu.

Hapa nchini, shahada za Kiswahili hutolewa na vyuo vikuu kadhaa, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Kwa mkazi wa Simiyu asiyeweza kuacha kazi au familia kwa miaka mingi, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hutoa masomo kwa njia ya masafa kupitia vituo vyake vya mikoa.

Mwombaji anapaswa pia kumudu lugha ya mawasiliano katika nchi anayokwenda. Maombi mengi ya Marekani na Uingereza huhitaji matokeo ya mtihani wa Kiingereza, kama TOEFL au IELTS. Kwa nchi kama Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ujuzi wa Kifaransa humwongezea mwombaji nafasi.

Kwa nini kufundisha wageni ni taaluma ya pekee

Mwalimu anayefundisha Kiswahili katika shule ya sekondari wilayani Maswa au Itilima hukutana na wanafunzi wanaoisikia lugha hiyo redioni, sokoni na shuleni. Mwanafunzi wa Seoul au Leipzig huanza bila neno hata moja, na huenda saa chache za darasa kwa wiki ndizo pekee anazosikia Kiswahili.

Mfano ni neno “atanipikia”. Kwa Mtanzania ni neno moja la kawaida. Kwa mgeni ni sentensi nzima inayohitaji kuchambuliwa: “a” huonyesha mtendaji, “ta” wakati ujao, “ni” mtendewa, “pik” ni mzizi, “i” huonyesha kwamba jambo linafanywa kwa ajili ya mtu, na “a” ni kiishio. Mgeni akiuliza kwa nini husemwa “kitabu kimoja kizuri kimepotea” lakini “vitabu viwili vizuri vimepotea”, jibu la kwamba ndivyo lugha ilivyo halimsaidii. Anahitaji kuelezwa upatanisho wa kisarufi kwa hatua anazoweza kuzifuata, kisha apewe mazoezi ya kutosha.

Yapo pia mambo ya utamaduni ambayo mzawa huyachukulia kuwa ya kawaida. Mgeni hupaswa kuelewa kwa nini “shikamoo” huelekezwa kwa mtu aliyemzidi umri na kwa nini jibu lake ni “marahaba”. Hupaswa kuelewa pia kwamba saa moja asubuhi ya Kiswahili ndiyo saa 7 katika hesabu ya saa anayoijua yeye. Mwalimu asiyeandaliwa huyaruka mambo haya, na mwanafunzi huja kukosa basi au kumkosea heshima mzee bila kujua.

Kwa hiyo, mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni hulenga mbinu za kuwafundisha watu wazima, uandaaji wa masomo kwa viwango, utungaji wa mitihani ya umilisi na matumizi ya teknolojia darasani. Vyuo vingi vya Ulaya hutumia mfumo wa viwango 6, kuanzia A1 kwa anayeanza hadi C2 kwa aliyebobea. Mwombaji anayeweza kueleza mwanafunzi wa A1 anapaswa kujua nini baada ya muhula mmoja huonyesha kwamba anaifahamu kazi anayoiomba.

Nafasi na changamoto za mwombaji kutoka Simiyu

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Mkoa wa Shinyanga, una wilaya 5 za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, na wapo pia Wataturu na Wahadzabe, hasa katika Wilaya ya Meatu. Watoto wengi wa vijijini hukua wakizungumza lugha ya nyumbani na huanza kukitumia Kiswahili kwa upana wanapoingia shule.

Historia hiyo inaweza kumsaidia mwalimu. Aliyejifunza Kiswahili akiwa tayari na lugha nyingine anajua kwamba makosa ni sehemu ya kujifunza, na ni rahisi kwake kumvumilia mwanafunzi anayesitasita. Hata hivyo, hapaswi kudhani kwamba njia aliyoipita yeye ndiyo atakayoipita mgeni. Kisukuma na Kiswahili ni lugha za Kibantu zenye mifumo ya ngeli inayofanana. Mtoto anayesema “munhu” na “banhu” nyumbani huvuka kwa urahisi kwenda “mtu” na “watu”. Mjapani au Mjerumani hana daraja hilo, na lazima ajengewe.

Changamoto nyingine ni matamshi. Baadhi ya wazungumzaji wa Kanda ya Ziwa huchanganya sauti “r” na “l”, na wengine hupata ugumu wa kutamka “dh”, “th” na “gh”. Mgeni humwiga mwalimu wake moja kwa moja, na mwalimu asiyetofautisha “kura” na “kula” au “mahari” na “mahali” humwachia mwanafunzi kosa atakalobaki nalo kwa miaka. Kasoro hii hurekebishika kwa mazoezi ya makusudi, kama kujirekodi na kujisikiliza na kusoma kwa sauti mbele ya mwenzake atakayemsahihisha. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, iliyochapishwa mwaka 2015, ni rejea inayofaa kuwapo mezani kwa kila anayejiandaa.

Kuhusu uzoefu, mwombaji si lazima asafiri mbali. Mji wa Lamadi wilayani Busega uko kwenye barabara kuu ya Mwanza–Musoma, jirani na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na hupitiwa na wageni wengi. Katika mkoa jirani wa Mara, Shule ya Lugha ya Makoko mjini Musoma, iliyoanzishwa na wamisionari wa Maryknoll, ina historia ndefu ya kuwafundisha Kiswahili wamisionari na wageni wengine. Watafiti, wahudumu wa kujitolea na wataalamu wa miradi wanaofanya kazi mkoani wanaweza kuwa wanafunzi wa kwanza wa mwalimu. Ni vyema mwalimu aweke kumbukumbu za saa alizofundisha na aombe barua ya uthibitisho kwa kila aliyemfundisha.

Nafasi ya BAKITA

Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lilianzishwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967 na ndicho chombo cha Serikali chenye jukumu la kukuza na kusimamia maendeleo ya Kiswahili. Kwa upande wa Zanzibar, jukumu hilo hutekelezwa na Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA).

Kwa mwombaji wa nafasi za nje, BAKITA ina umuhimu wa aina mbili. Kwanza, huendesha mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni, ambayo humpatia mhitimu cheti cha kuambatanisha na shahada yake. Pili, hutunza kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili, wakiwamo walimu, wafasiri na wakalimani. Nchi, balozi au taasisi inapohitaji wataalamu, kanzidata hiyo husaidia kujua ni nani wapo na wana ujuzi gani.

Mwalimu aliyejiandikisha anapaswa kuhuisha taarifa zake kila anapopata shahada mpya, mafunzo mapya au namba mpya ya simu. Kuwamo katika kanzidata hakumhakikishii mtu ajira. Kinachofanyika ni kumwezesha kupatikana pindi nafasi inapojitokeza.

Baadhi ya balozi za Tanzania nazo zimeanzisha madarasa ya Kiswahili katika nchi ziliko. Mtanzania aliyekwenda nje kwa masomo au kazi nyingine, akiwa na sifa za ualimu, anaweza kujitambulisha ubalozini na kuuliza kama huduma yake inahitajika.

Programu ya Fulbright ya wasaidizi wa kufundisha lugha

Mojawapo ya njia zinazofahamika kwa walimu vijana ni programu ya Fulbright ya wasaidizi wa kufundisha lugha za kigeni, inayofadhiliwa na Serikali ya Marekani, ambayo kupitia kwayo Watanzania wamefundisha Kiswahili katika vyuo vya nchi hiyo. Programu hiyo huchukua takribani miezi 9. Mshiriki hufundisha au kusaidia kufundisha kwa muda usiozidi saa 20 kwa wiki, na wakati huohuo husoma masomo katika chuo alichopangiwa, likiwamo somo linalohusu Marekani.

Walengwa ni walimu walio mwanzoni mwa kazi, wenye angalau shahada ya kwanza, umri wa miaka 21 hadi 29 na Kiingereza kinachothibitishwa kwa mtihani. Mshiriki husafiri kwa viza ya J-1 na hutarajiwa kurejea nyumbani baada ya programu, huku sharti la kuishi nchini kwake kwa miaka 2 likimhusu kabla ya kuomba aina fulani za viza za Marekani. Anayeiomba kwa nia ya kuhamia huko moja kwa moja atakuwa amechagua njia isiyofaa. Kwa anayetaka kurudi na uzoefu wa darasa la wageni, programu hiyo ina manufaa makubwa.

Matangazo na masharti ya kila mwaka hutolewa na Ubalozi wa Marekani uliopo Dar es Salaam. Maombi hufanywa na mwombaji mwenyewe, bila kumlipa mtu wa kati.

Nyaraka za kuandaa

Nyaraka nyingi zinazohitajika zinaweza kuanza kushughulikiwa mkoani Simiyu. Mwombaji anashauriwa kuzifuata kwa mpangilio huu, kwa kuwa kila moja huitegemea iliyotangulia:

1. Cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Maombi hupokelewa pia kupitia ofisi za wakuu wa wilaya.

2. Kitambulisho cha Taifa kinachotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA), yenye ofisi katika wilaya.

3. Vyeti vya kidato cha nne na cha sita vya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), pamoja na vyeti na nakala za matokeo ya chuo. Aliyesoma nje ya nchi hupaswa kupata utambuzi wa shahada yake kutoka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).

4. Pasipoti kutoka Idara ya Uhamiaji. Pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa Januari 2018 kwa ada ya shilingi 150,000, na ya kawaida hudumu kwa miaka 10. Mwombaji hutakiwa kuonyesha ushahidi wa sababu ya safari, hivyo barua ya mwaliko au ya ajira ihifadhiwe vizuri.

5. Cheti cha tabia njema kutoka Jeshi la Polisi, ambacho hutolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Waajiri wa shule hukihitaji kwa kuwa mwalimu atakuwa na watoto.

6. Uthibitisho wa vyeti kutoka Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, na mara nyingi kutoka ubalozi wa nchi anayokwenda mwombaji.

Kasoro inayowachelewesha wengi ni majina kutofautiana katika nyaraka. Jina la ukoo linaweza kuandikwa “Ng’wandu” katika cheti cha kuzaliwa, “Mwandu” katika cheti cha kidato cha nne na “Ngwandu” katika Kitambulisho cha Taifa. Kwa familia yote ni jina moja, lakini kwa ofisa wa viza ni watu watatu. Mwombaji anapaswa kulinganisha nyaraka zake zote herufi kwa herufi mapema. Tofauti ikionekana, amwone wakili kwa ajili ya kiapo au hati ya kisheria ya kubadili jina, kisha arekebishe taarifa katika taasisi husika kabla ya kuomba pasipoti.

Taratibu za ajira na tahadhari

Huduma za kuunganisha watafuta kazi na waajiri, ndani na nje ya nchi, husimamiwa chini ya Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira, Sura ya 243. Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA) ndicho chombo cha Serikali kinachotoa huduma hiyo. Mawakala binafsi wanaruhusiwa kufanya kazi hiyo iwapo tu wana leseni. Mwombaji anayo haki ya kuomba kuonyeshwa leseni, na anaweza kuuliza TaESA kama wakala husika anatambuliwa.

Kabla ya kusafiri, mwombaji anapaswa kuwa na mkataba wa maandishi unaotaja jina na anuani ya mwajiri, cheo, muda wa ajira, idadi ya vipindi kwa wiki, mshahara na sarafu utakayolipwa, makazi, bima ya afya, likizo na nani atalipia tiketi ya kurudi. Mkataba ulioandikwa kwa lugha asiyoielewa utafsiriwe kabla hajausaini. Nakala moja ibaki kwa familia nyumbani.

Zipo dalili zinazopaswa kumfanya mwombaji asite. Miongoni mwake ni wakala anayedai fedha nyingi kabla ya mkataba, anayemshauri asafiri kwa viza ya utalii kisha abadilishe akifika, anayetaka kushika pasipoti yake, au anayeahidi kazi ya ualimu bila kuomba cheti hata kimoja wala kumfanyia usaili. Mwajiri makini wa walimu humhoji mwombaji, hukagua vyeti vyake na mara nyingi humtaka afundishe kipindi cha majaribio, hata kwa njia ya video.

Udanganyifu wa namna hii unaweza kugeuka kuwa kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Taarifa zitolewe katika kituo cha polisi kilicho karibu. Mtanzania aliyekwama nje ya nchi awasiliane na ubalozi wa Tanzania unaohusika na nchi aliyopo. Ni vyema kila msafiri ajiandikishe ubalozini mara afikapo.

Kwa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 1, 2010 inatambua uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka kwa kazi zilizokubaliwa. Hata hivyo, mwalimu bado hupaswa kupata kibali cha kazi cha nchi anayokwenda na kusajiliwa na mamlaka ya walimu ya nchi hiyo.

Walimu walioajiriwa serikalini na wanufaika wa mikopo

Mwalimu aliye katika utumishi wa umma hapaswi kuondoka kituoni bila kibali cha mwajiri wake. Anayeondoka bila kibali huhesabiwa kuwa mtoro kazini na anaweza kupoteza ajira yake. Njia sahihi ni kuandika barua kupitia kwa mkuu wa shule na kwa mkurugenzi wa halmashauri, kuambatanisha barua ya mwaliko na kusubiri majibu kwa maandishi.

Mhitimu aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) huendelea kuwa na wajibu wa kuulipa akiwa nje ya nchi. Mwajiri wa nje hatamkata mshahara kwa niaba ya Bodi, hivyo ni juu yake kuwasiliana na Bodi na kupanga utaratibu wa malipo kabla hajaondoka.

Kufundisha kwa njia ya mtandao

Kwa ambaye bado hajapata nafasi ya kusafiri, upo uwezekano wa kuwafundisha wageni kupitia intaneti akiwa Bariadi, Maswa au Lamadi. Kazi hii huhitaji kompyuta au simu yenye kamera nzuri, mtandao wa uhakika, chumba kisicho na kelele na uangalifu wa tofauti za saa kati ya nchi na nchi. Mapato yake ni mapato kama mengine, hivyo mwalimu anapaswa kuwa na namba ya utambulisho wa mlipakodi na kupata maelekezo kutoka ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Njia hii humpa mwalimu kitu ambacho cheti peke yake hakiwezi kumpa, yaani kumbukumbu za kweli za wanafunzi wageni aliowafikisha kutoka maamkizi ya kwanza hadi mazungumzo kamili. Mwombaji wa Simiyu akiulizwa na mwajiri wa nje amewahi kumfundisha nani, ataweza kujibu kwa majina ya wanafunzi, saa alizofundisha na barua zao za uthibitisho.